Alama Iliyohama: Kisa cha Datsun 240Z ya 1972, Kutoka Injini Hadi Rangi

Gari lililetwa kwenye banda letu hapa Changamwe likivutwa kwa kamba, Jumamosi asubuhi, pamoja na bahasha ya risiti za mafundi wanne waliotutangulia. Nilizisoma zote kabla sijafungua boneti. Rediata mpya. Pampu ya maji mpya. Themostati imetolewa na haikurudishwa. Feni mbili za umeme zimeongezwa mbele ya rediata. Koili, plagi, kondensa, kifuniko cha distribyuta, vyote vipya. Kabureta zimefunguliwa mara mbili. Kila fundi alikuwa ametibu kile alichokiona, na gari lilikuwa bado linachemka.

Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, aliyerithi gari kwa babake. Ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, namba ya chesi inayoanza na HS30 ikiwa imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini kama ilivyotoka kiwandani. Bodi nyekundu iliyopauka, vizingiti vya chini ya milango vimevimba kwa kutu, mlango wa kushoto haufungiki mpaka uusukume kwa nyonga. Aliniambia, "Fundi, sitaki gari la maonyesho. Nataka nipande nalo Mazeras, nifike Mariakani, ninywe chai, nirudi. Babangu alikuwa akifanya hivyo kila mwezi."

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu kazi ile ilitukwamisha mara tatu, kwenye injini, kwenye bodi na kwenye rangi, na mara zote tatu kosa lilikuwa lile lile. Tulipima vizuri, kwa vifaa vizuri, lakini tulipima kutoka kwenye alama ambayo yenyewe ilikuwa imehama.

Kwa asiyelijua gari hili: injini yake inaitwa L24, silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, kemshafti moja juu, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Uzito wake ni kilo elfu moja na kidogo tu, ndiyo maana linaruka. Japani walilizindua mwaka 1969, na sisi huku tulilijua kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani yake. Pasaka ya 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström, naye akiendesha Datsun nyingine, na kanuni ya kutenganisha sare ikampa Mehta ushindi. Babake mwalimu alikuwa mmoja wa watu waliokaa kando ya barabara Pasaka ile, na alipopata fedha zake baadaye, gari alilotafuta lilikuwa ni hili.

Injini

Malalamiko yalikuwa haya. Dakika kumi za kwanza gari ni zuri. Baadaye linakuwa zito, ukikanyaga mafuta linajibu kwa uvivu. Mlima wa Mazeras ukianza tu, mshale wa joto unapanda. Ukizima ukiwa na joto, haliwaki tena mpaka upite muda wa nusu saa. Na usiku, alisema mwalimu, aliwahi kuinua boneti akaona bomba la ekzosi limeiva jekundu pale linapotokea kwenye injini.

Hilo la mwisho lilinikaa kichwani. Rediata mbovu haiwezi kuivisha ekzosi. Lakini nilijizuia nisikimbilie jibu, nikaanza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda: injini ya moto, plagi zote nje, kabureta zimeachwa wazi, betri imejaa. Silinda tano za mbele zilisoma kati ya psi 160 na 168. Ya sita, iliyo nyuma kabisa karibu na ukuta, ilisoma 128. Nikatia kijiko cha oili kwenye tundu lake nikapima tena: 131. Ringi zingekuwa ndizo zimeisha, oili ingeipandisha sana. Haikupanda, maana yake upepo unatokea kwenye valvu.

Nilifungua kifuniko cha juu injini ilipopoa. Kwenye L24 nafasi ya valvu inayopimwa baridi ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Kwenye valvu ya kutoa ya silinda ya sita, ulimi wa kupimia wa milimita 0.10 haukuingia hata ncha. Nyingine nne zilikuwa zimebanwa pia, ila si kwa kiasi hicho. Kuna fundi alikuwa amezikaza, na nadhani najua sababu: ule mlio wa tik-tik ulimkera. L24 yenye afya hulia kama cherehani. Ukiinyamazisha kwa kukaza, valvu haikai kitini sawasawa, na kiti ndicho mahali ambapo valvu inatua joto lake. Ikikosa kutua, inaungua. Tulilegeza nati za 17, tukazungusha vichwa vya 14, tukaziweka zote mahali pake. Baada ya siku tatu za kuliendesha hapa hapa mtaani, silinda ya sita ilisoma 152. Tukashukuru, kwa sababu kichwa cha silinda hakikuhitaji kufunguliwa.

Joto, hata hivyo, halikuondoka.

Niliweka taa ya taimingi, ile inayoonyesha cheche ya plagi inapiga lini. Ikaonyesha digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, na mstari umetulia, hauchezi. Mafundi wote wanne bila shaka waliliona hilo hilo wakafunga boneti wakiwa na amani. Lakini sikio langu lilikataa. Mlio wa ekzosi ulikuwa wa puf-puf, mzito, kama mtu anayepumua kupitia kitambaa. Nikalegeza distribyuta, nikaizungusha taratibu upande wa kuwahisha, nikiwa nimefumba macho. Injini ikachangamka. Mzunguko ukapanda wenyewe, mlio ukawa mkavu. Nikasimama pale ilipotulia vizuri, nikaangalia taa: digrii 24. Kwa kitabu, hiyo ni injini inayotakiwa kugonga vibaya. Haikugonga.

Sasa hapo mtu anaweza kufuata sikio au kufuata taa, na vyote viwili ni kubahatisha. Taa inaonyesha tu mkato ulio kwenye puli ya krenki unapita wapi. Haijui pistoni iko wapi. Swali sahihi lilikuwa: je, mkato wenyewe uko mahali pake?

Kijana wangu wa banda alitaka kuchomeka bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi ya kwanza ili aone pistoni inapofika juu. Kwenye injini nyingine ingefaa, kwenye hii plagi zinaingia kwa mshazari kutoka ubavuni, na bisibisi inaweza kukwama ikakwangua pistoni au kuvunjikia ndani. Tulichukua plagi kuukuu, tukavunja kaure yake, tukabaki na ganda lenye uzi, tukapitisha bolti ndefu katikati na kuikaza kwa nati. Kichwa cha bolti tukakisaga kikawa mviringo. Hicho ndicho kizuizi. Ukikifunga kwenye silinda ya kwanza, pistoni inapanda, inagusa bolti, inasimama kabla haijafika juu.

Tulitoa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, tukaondoa waya wa betri ili mtu asije akapiga stata kwa bahati mbaya. Spana ya 27 kwenye bolti ya krenki, polepole, kwa mkono mmoja, mwelekeo wa saa, mpaka pistoni ikagusa. Si kugonga, kugusa. Pale pale nikachora mstari wa chaki kwenye ukingo wa puli, mkabala na sifuri ya kipimo. Kisha kurudi nyuma. Hapa sikutumia spana, kwa sababu ukiisukuma bolti ile kinyume unaweza kuilegeza. Tuliingiza gia ya juu, tukalisukuma gari lenyewe kurudi nyuma inchi kwa inchi, mpaka pistoni ikagusa kizuizi kutoka upande wa pili. Mstari wa pili wa chaki.

Katikati ya mistari ile miwili, hapo ndipo pistoni inapokuwa juu kabisa. Hakuna mjadala, kwa sababu kizuizi ni kimoja na umbali ni sawa pande zote mbili. Nilipima kwa utepe wa karatasi niliouviringisha kwenye puli, nikaukunja katikati, nikatia alama. Mkato wa kiwandani ulikuwa mbali na alama yangu kwa upana wa kidole gumba. Digrii 14.

Puli ya gari hili ni vyuma viwili: kitovu kilichofungwa kwenye krenki, na bangili ya nje, na kati yake kuna raba ya kumeza mtetemo. Raba ile ilikuwa imekufa. Mkato wa taimingi uko kwenye bangili, na mkanda wa alteneta pia unapita kwenye bangili. Basi kwa miaka yote ile mkanda ulikuwa ukiivuta bangili nyuma, kidogo kidogo, na mkato ukienda nayo. Taa iliposema digrii 10 kabla, moto ulikuwa unapiga digrii 4 baada ya pistoni kupita juu. Petroli ilikuwa inawakia ikiwa imechelewa, inaendelea kuungua hata valvu ya kutoa inapofunguka, na joto lote linakimbilia kwenye ekzosi. Ndiyo maana bomba liliiva. Na kwenye L24 kabureta ziko upande ule ule wa ekzosi, juu yake kabisa, kwa hiyo ukizima gari petroli inachemka ndani ya bakuli za kabureta na injini haiwaki mpaka ipoe. Malalamiko yote ya mwalimu yalikuwa ugonjwa mmoja.

Nilipiga mkato mpya kwa tupa, nikaupaka rangi nyeupe, nikaseti upya kwa mkato huo. Tukaagiza puli mpya kutoka ng'ambo, kwa sababu bangili iliyolegea inaweza siku moja kuchomoka na kupasua rediata. Kisha tukafanya jambo ambalo lilimshangaza kijana: tukaanza kuvua matibabu ya zamani. Feni mbili za umeme zikatoka. Themostati ya nyuzi 82 ikarudi mahali pake. Watu wengi huku pwani huitoa wakiamini joto la hapa halihitaji, na matokeo yake injini inakaa baridi kupita kiasi safari fupi, inakula petroli na kuisha haraka.

Kabureta hazikuwa na neno kubwa. Nozeli tulizikaza juu mpaka mwisho, tukazishusha mizunguko miwili na nusu, tukaongeza oili kwenye pistoni za juu, tukazilinganisha kwa kipande cha mpira sikioni hadi mvumo wa zote mbili ukafanana. Tangi ndilo lililokuwa na kutu ya unga, likaoshwa na kupakwa dawa ndani, na kichujio kipya kikafungwa. Hilo halina hadithi.

Bodi

Fundi wetu wa bodi ni mzee wa Kibokoni, alianza kunyoosha mabati kabla sijazaliwa, na sote tunamwita Ami. Alilizunguka gari mara moja akiwa na kipande cha sumaku alichokifunga kitambaa. Sumaku ilishika kwenye paa, ilishika kwenye boneti, ilianguka kwenye vizingiti vyote viwili na nyuma ya magurudumu ya mbele. Ilipoanguka, ilianguka kwenye fila, ile plasta ya kujazia mabonde ya bodi. Tulipokwangua upande wa kushoto tulikuta fila yenye unene wa milimita 10, chini yake bati lililochomelewa juu ya bati jingine lililooza. Kiraka juu ya kidonda.

Kutu ya 240Z ina njia zake, na anayelinunua gari hili azijue. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kukusanya maji ya mvua, na maji yale hushukia nyuma ya mudgadi za mbele. Majani na tope vikikaa hapo, ncha ya kizingiti inaoza kutoka ndani bila mtu kuona. Mudgadi zenyewe zimefungwa kwa bolti, hazikuchomelewa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha: zifungue uangalie. Chini ya betri pia, kwa ajili ya asidi. Na chini ya sakafu, kwenye reli mbili ndefu zinazobeba gari zima.

Nilitaka tukate kizingiti cha kushoto siku ile ile. Ami akanizuia.

"Mwanangu, umeuona mlango huu?"

"Nimeuona, Ami. Umeshuka. Tutarekebisha bawaba mwishoni."

"Haukushuka mlango. Angalia mwanya."

Mwanya wa nyuma ya mlango ulikuwa milimita 3 juu na milimita 8 chini. Mlango ulioshuka kwa bawaba hunyanyua mstari wake wa mapambo au kuushusha, na huu mstari wake ulikuwa umenyooka kabisa na mudgadi. Ami alisema mlango uko sawa, shimo la mlango ndilo limepinda. Nilibisha kidogo. Tukapima.

Alileta timazi, ile ya waashi. Gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake juu ya sakafu ya saruji, tulishusha timazi kutoka kwenye matundu ya kiwandani yaliyo kwenye reli za chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kila inapogusa saruji tukatia nukta ya chaki. Tukalisogeza gari. Sakafuni ikabaki ramani ya gari bila gari. Mishazari miwili ilipishana milimita 9. Upande wa kulia urefu ulilingana na kitabu, upande wa kushoto ulikuwa umefupika.

Ami aliusoma mkasa mzima kutoka kwenye zile nukta. Waliochomelea kizingiti zamani waliweka stendi mbele kabisa na nyuma kabisa, wakaondoa mlango ili wapate nafasi, kisha wakakata. Gari hili halina fremu ya pembeni, nguvu yake iko kwenye bodi yenyewe na kizingiti ni mfupa wake. Mfupa ulipokatwa tumbo likashuka, shimo la mlango likabana juu, wakachomelea bati jipya likiwa hivyo hivyo. Baadaye walipoona mlango haufungiki, wakaukata mwanya kwa grenda na kuujaza fila mpaka ukaonekana kama mwanya. Kama tungelichukua lile umbo kuwa ndilo umbo la gari na kuchomelea kizingiti kipya hapo, tungeipigilia misumari ile kasoro.

Kwa hiyo mlango ulirudi kwenye bawaba zake kwanza, ukafungwa. Tulichomelea vyuma vya kushikilia ndani, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ila upande mmoja tukauacha umeshikwa kwa bolti ili uweze kusogea. Stendi mbili chini ya viungo vya magurudumu, jeki yenye ubao mpana chini ya tumbo. Tulikata nukta za kulehemu za kizingiti moja moja. Ilipokatika ya mwisho, Ami alipiga jeki nusu pigo, akasubiri, akaangalia mwanya, akapiga nusu pigo jingine. Hakuna aliyesema neno. Mwanya wa juu ulifunguka kutoka 3 hadi 4, hadi 5. Wa chini ukajifunga kutoka 8 hadi 5. Nilisukuma mlango kwa kidole kimoja na ukafunga, klik, mlio ambao mwalimu anasema hajausikia tangu yuko shule ya msingi.

Kisha ndipo tulipokaza zile bolti na kuchomelea. Vipande vifupi vifupi, ukiruka kutoka huku kwenda kule ili bati lisipinde kwa joto. Wiki tatu zilikwenda kwenye vizingiti, reli na sakafu ya mbele, na mimi sizihesabu kuwa nyingi.

Rangi

Mwalimu alitaka nyekundu. Magari ya timu ya Datsun kwenye Safari yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, na nyekundu ndiyo rangi aliyoijua yeye tangu utotoni. Ila tulipotoa paneli za ndani kwenye buti, chini ya nyekundu kulichungulia rangi ya dhahabu. Kwenye orodha ya rangi za Datsun ni namba 920, na jina lake ni Safari Gold. Neno letu lilikwenda hadi Japani likarudi limepakwa kwenye bati. Nilimpigia simu aje aone. Alikaa ndani ya buti, akapitisha kidole pale, akasema babake lazima ndiye aliyeipaka nyekundu, kwa ajili ya ile Pasaka. Alichukua siku mbili kuamua. Akachagua dhahabu. Mimi nilifurahi, ingawa ningeipaka nyekundu kwa moyo mmoja kama angesema hivyo, maana nyekundu nayo ilikuwa ya baba.

Sasa sampuli. Kampuni ya kuchanganya rangi ilitaka kipande cha kupima kwa mashine. Niliwapelekea kibati kidogo nilichofungua kwenye ukuta wa injini, kwa kuwa kilikuwa na dhahabu safi, hakikufikiwa na nyekundu. Rangi iliyorudi ilikuwa na ukijani wa kuugua. Tuliipaka kwenye bati la majaribio, tukaiweka juani, tukaitazama kivulini, haikukubali. Wale watu wa rangi hawakukosea, mashine yao ilisoma sawasawa. Kosa lilikuwa langu. Kibati kile kilikaa miaka hamsini juu ya ekzosi, na gari hili, kama nilivyokwisha kusema, ekzosi yake ilikuwa inaiva jekundu. Rangi ilikuwa imepikwa. Nilikuwa nimetoka kujifunza habari ya mkato wa puli na ya shimo la mlango, na bado nikarudia lile lile kwa mikono yangu.

Kipande cha pili nilikitoa ndani kabisa, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mahali pasipofika jua, joto wala kitambaa cha kufutia. Rangi iliyorudi safari hii ilikuwa ya joto, dhahabu yenye kahawia kwa mbali, kama chai ya rangi kwenye glasi.

Kuhusu maandalizi nitasema machache, kwa kuwa kila fundi ana njia yake. Bati tupu lilipakwa praima ya epoksi siku ile ile liliposafishwa, kwa sababu hewa ya Mombasa huleta kutu ya usiku mmoja. Fila ilikuja juu ya epoksi, si chini yake, na haikuzidi milimita 2 popote. Kisha praima nene, kisha ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu yake, na msasa kwenye ubao mrefu: namba 180, 320, mwisho 600 kwa maji. Ule weusi ukibaki mahali, hapo pana bonde. Ami hutumia kiganja akiwa amevaa soksi ya pamba, anasema ngozi ya mtu inadanganywa na jasho lake.

Adui wa kupuliza rangi hapa kwetu ni maji. Kompresa inavuta hewa yenye unyevu, inaipasha, hewa ikipoa kwenye bomba unyevu unageuka matone, na tone moja kwenye rangi ya metali linaacha jicho. Tulirefusha bomba la chuma ukutani, likapanda na kushuka, tukafunga vichujio viwili vya maji, na hatukuanza kabla ya saa nne asubuhi, unyevu wa alfajiri ukiwa umepungua. Hata hivyo tulipata macho manane madogo kwenye mudgadi ya kulia. Hayo hayakuwa ya maji. Kuna mtu aliifuta dashibodi kwa mafuta ya kung'arisha kwenye kona ya pili ya banda, na silikoni yake ikasafiri. Tulisimamisha kazi, tukaacha ikauke, tukasaga ile mudgadi na kuanza upya.

Dhahabu ya metali ina unga wa alumini ndani yake, na unga ule hulala kwa namna ulivyopuliza. Ukikaribia mno unazama na rangi inakuwa nyeusi, ukienda mbali unabaki juu na rangi inapauka. Milango, mudgadi na boneti tulizifunga zote kwenye gari kabla ya mikono ya mwisho, tukapuliza gari zima kwa mtu mmoja, kasi moja, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Mikono mitatu ya dhahabu, miwili ya klia, ile vanishi isiyo na rangi. Mafundi wanaopaka mlango peke yake juu ya meza wataniuliza kwa nini taabu yote hiyo. Wapake metali mezani, kisha waufunge mlango, waone.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Klia ya kuchanganya na dawa ya kukaushia ina aisosayaneti. Haina harufu ya kukuonya. Inaingia mapafuni, na mwili ukishaikataa mara moja, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kukubana kifua kama mgonjwa wa pumu. Namjua fundi aliyeacha kazi hii akiwa na miaka thelathini na nne kwa sababu hiyo. Leso usoni si kinga, barakoa ya vumbi si kinga. Sisi tunatumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, na asiyeivaa haingii, awe ni mwenye gari au ni mimi.

Mariakani

Puli mpya ilifika wiki ya saba. Kabla ya kuifunga nilirudisha kile kizuizi cha plagi, nikapima tena. Mkato wake uliangukia pale pale nilipopiga tupa.

Tulipanda Mazeras saa nane mchana, jua likiwa kali, mwalimu kwenye usukani, mimi pembeni, macho yangu kwenye mshale wa joto kuliko barabarani. Ulipanda hadi katikati ukasimama. Nyuma ya lori la kontena tulitambaa kwa gia ya pili kwa dakika nyingi, na haukusogea. Mariakani alizima gari, tukanywa chai na mahamri, dakika ishirini, ule muda mbaya kabisa ambao zamani ulikuwa unalifisha. Aliporudi aligusa ufunguo na injini ikawaka kabla stata haijamaliza kuzunguka. Hakusema kitu. Alikaa tu akisikiliza tik-tik ya valvu.

Tukirudi, karibu na Kwa Jomvu, aliniuliza kama nasikia harufu ya moshi ndani. Nilikuwa naisikia. Gari hili lina tabia hiyo: mgongo wake unavyoshuka, upepo huvuta moshi wa ekzosi nyuma na kuurudisha ndani kupitia penye mwanya wowote. Usiku ule nilimfungia kijana ndani ya buti akiwa na tochi, mlango wa nyuma umefungwa, mimi nikazunguka nje gizani. Raba ya mlango, tuliyoiweka mpya, ilikuwa giza tupu. Mwanga ulipenya kwenye taa ya kushoto ya nyuma, mstari mwembamba kama uzi, mahali gasketi yake ilipokunjika wakati wa kufunga. Tulizitoa taa zote mbili, tukakata gasketi mpya, tukazifunga upya. Jumamosi iliyofuata alikwenda Mariakani peke yake, vioo vimepandishwa, na jioni akanipigia kusema ndani hakuna harufu tena.